Je, fizi mbovu ni za kurithi?

"Sisi kwetu meno hayadumu. Bibi alikuwa kibogoyo kabla ya uzee, na mama naye vivyo hivyo." Mara nyingi anayesema hivi ameshakata tamaa, haoni haja ya kwenda kwa daktari wa meno.

Ugonjwa wa fizi huanzia kwenye ukoga, ule utando wa vijidudu unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa huganda ukawa mgumu kama chokaa, na mswaki hauutoi tena. Mwili hupigana na vijidudu hivyo, na vita hivyo ndivyo vinavyokula mfupa ulioshika meno. Hapo ndipo urithi unapoingia: mtu harithi ugonjwa wenyewe, hurithi namna mwili wake unavyopigana. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jozi 117 za mapacha. Walikadiria kuwa karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika ugonjwa huu inatokana na urithi. Kwingine kote ni usafi, sigara, kisukari na mengineyo. (Kisukari nacho kina ukoo wake!)

Wazazi waangalie zaidi vijana. Ipo aina inayoanza wakati wa balehe, ikashika meno ya mbele na magego ya kwanza, huku kinywa kikionekana kisafi. Mtoto mmoja akigunduliwa nayo, nduguze wote wapimwe. Nadra zaidi ni ugonjwa wa Papillon-Lefèvre: viganja na nyayo za mtoto huwa ngumu zenye magamba, na meno ya utoto hulegea mapema mno. Jeni yake ilijulikana mwaka 1999, na mtoto huugua akiipata kwa baba na kwa mama pia. Sisi tunaooana binamu kwa binamu tulijue hilo.

Hapa Maskati, ukifika kwa daktari usingoje kuulizwa. Mwambie nani katika familia aling'oka meno na akiwa na umri gani. Kwa Kiarabu ufizi ni "litha", na urithi ni "wiratha", neno lisilo geni kwetu. Kama unavuta sigara mwambie pia, kwani sigara huficha damu, fizi zikaonekana nzima.

Na ukiona damu kwenye mswaki, usiache kusugua mahali hapo. Wengi huacha wakidhani wamejiumiza, ukoga ukazidi. Sugua taratibu, kwa mswaki laini au wa mti, na uende kupimwa kabla jino halijaanza kucheza.