KUNUNUA KIWANJA NG'AMBO YA MTO PANGANI: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUKOPA



Miongoni mwa maombi ya mikopo yanayofikishwa mbele ya kamati zetu yamo ya wanachama wanaotaka kununua kiwanja, wajenge nyumba ya kuishi, huku wakiendelea na kazi zao mjini. Katika Wilaya ya Pangani macho ya wengi huelekea ng'ambo ya mto, kuanzia Bweni hadi Ushongo, yapata kilometa 15 kusini ya mji wa Pangani. Huko nafasi ipo na upepo wa bahari ni mwema. Hata hivyo, bei ya kiwanja siyo bei ya makazi. Yapo mambo manne yapasayo kupimwa kwanza.

1. Mamlaka ya ardhi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imekabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri nayo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mtu anayemiliki ardhi kimila hawezi kumhamishia mgeni wa kijiji mpaka Halmashauri iridhie. Kwa hiyo karatasi ya mauziano, hata ikiwa na mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, haitoshi peke yake. Mnunuzi adai nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia, kisha aombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo husajiliwa kwa Afisa Ardhi wa Wilaya.

2. Wenye haki wasioonekana

Anayeonyesha mipaka huenda siye mwenye haki peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Shamba la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, wala si na mtoto mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa. Tena katika pwani yetu minazi huweza kuwa ya mtu mwingine, mbali na ardhi iliposimama. Yafaa mkataba utaje minazi kwa idadi, na iandikwe wazi kwamba imeuzwa au haikuuzwa. Ugomvi ukizuka, hatua ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

3. Bahari

Kiwanja cha ufukweni ndicho hupendwa zaidi, na ndicho chenye hatari zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari au ukingo wa mto. Anayenunua ndani ya mita hizo amenunua mahali asipoweza kujenga. Maana ya katazo hilo wazee wa Ushongo waliishuhudia kwa macho yao: Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya ufuko wao, zamani kilikuwa na miti ya mivinje, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa.

4. Safari na maji

Mwenye kazi mjini akienda na kurudi siku 22 kwa mwezi, atavuka mto mara 44, yaani mara 528 kwa mwaka. Akae Ushongo, aongeze nauli ya pikipiki mara hizo hizo, kwenda na kurudi Bweni. Wanafunzi wa nyumbani nao wahesabiwe. Mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo una daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Daraja linapopitika, hesabu ya kivuko hubadilika, lakini mwendo wa kilometa 15 haupungui. Kuhusu maji, kisima kilicho karibu na bahari huweza kugeuka cha chumvi kikitekwa kupita kiasi. Aulizwe jirani anayeteka mwezi wa kiangazi, si muuzaji.

Wajibu wa kamati ya mikopo

Mwombaji alete muhtasari wa kikao cha kijiji, ridhaa ya mwenzi au barua ya usimamizi wa mirathi, kipimo cha umbali kutoka majini, na hesabu ya nauli ya mwezi ikilinganishwa na kipato chake baada ya makato. Wajumbe wawili wakakague kiwanja pamoja na majirani wa pande zote nne. Endapo kimoja kinakosekana, ombi lisubiri. Mwanachama aliyenyang'anywa kiwanja hubaki na deni lile lile, na fedha alizokopeshwa ni akiba ya wenzake waliouza nazi, mwani na samaki, wakaiweka chamani kwa kuamini kwamba italindwa.