Kiyoyozi Hakichemshi Injini

Lori linapochemka kila kiyoyozi kinapowashwa, lawama huangukia kiyoyozi, ilhali mara nyingi kosa limo katika mfumo wenyewe wa kupoza injini, uliokwisha kudhoofika na kungoja mzigo mdogo wa ziada ili ujidhihirishe. Mzigo huo huja kwa njia mbili. Kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi ya ubaridi, huendeshwa kwa mkanda wa injini na hivyo hula sehemu ya nguvu zake. Na, zito zaidi, kondensa, ambayo ni wavu wa mirija unaotoa nje joto lililonyonywa ndani ya kebini, hufungwa mbele ya rejeta, kwa hiyo upepo unaoifikia rejeta huwa umekwisha kupashwa moto.

Katika delta ya Mto Tana mazingira hulikuza tatizo. Nchi ni tambarare, kwa hiyo dalili inayotegemewa kwingineko, ya injini kuchemka mlimani, haipatikani kati ya Wema na Garsen. Badala yake lori lililosheheni maembe hutambaa kwa gia ya chini katika udongo mweusi unaonata baada ya mvua, injini ikinguruma huku gari likienda mwendo wa mtu wa miguu, na kwa kuwa mwendo huo hauleti upepo, rejeta hubaki ikitegemea feni peke yake. Lori likishika lami kuelekea Malindi, upepo hurudi na mshale wa joto hushuka.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa uchunguzi. Injini inayochemka ikitambaa na kupoa ikikimbia ina upungufu wa hewa. Ile inayotulia gari likisimama lakini ikachemka kwa kasi na mzigo, aghalabu maji yake hayazunguki ipasavyo, ama kwa mirija ya rejeta kuziba, ama kwa pampu ya maji kuchakaa, ama kwa kukwama kwa thamostati, ambayo ni vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yanapopata moto. Kiyoyozi chenyewe ni shahidi mzuri: kikitoa ubaridi barabarani na vuguvugu gari likisimama, kondensa na rejeta zinakosa hewa kwa pamoja.

Pa kutazama kwanza ni mwanya mwembamba ulio kati ya viwili hivyo. Kondensa yaweza kuonekana safi kwa mbele, kumbe nyuma yake vumbi, mbegu za nyasi, mabawa ya wadudu na tope kavu vimeshikamana mfano wa mkeka. Karatasi ya gazeti ikiwekwa mbele ya kondensa, injini ikiwa imepata moto na feni ikivuta, inapaswa kunaswa hapo. Ikidondoka, ama njia ya hewa imeziba, ama feni haina nguvu. Feni za malori mengi hushikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayokaza kadiri hewa itokayo kwenye rejeta inavyozidi moto. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kivivu, na injini moto inapozimwa, feni hiyo husukumika kwa kidole bila ukinzani wowote.

Linalosikitisha, kwa kuwa huepukika, ni rejeta kujazwa maji ya Mto Tana, yenye tope jingi litokalo bara, au ya visima vya chumvi. Tope hutuama katika mirija, na chumvi hula chuma na kuacha ukoko unaozuia joto kutoka. Kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, ni ghali kuliko maji ya mto, lakini ni rahisi kuliko kichwa cha silinda kilichopinda.

Rejeta ioshwe kwa maji ya kasi ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana kasi kubwa hulaza mapezi yake membamba. Kifuniko nacho kikaguliwe mpira wake, kwani kikihimili shinikizo la bar 1, maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120 badala ya 100. Kisifunguliwe injini ingali moto: shinikizo likiondoka, maji hayo huchemka papo hapo na kumrukia usoni aliyekifungua.