Babu yako alikwenda vita ipi?

Ndugu msikilizaji, kule Chilangala, wilayani Newala, ukiuliza habari za mzee aliyepata kuwa askari, mara nyingi utajibiwa: "Alikwenda vita vya Mjerumani." Jibu hilo humtosha anayejibu. Anayetafuta historia ya ukoo wake halimtoshi hata kidogo, kwa sababu Mjerumani alipigana vita kuu mara mbili, 1914 hadi 1918 na tena 1939 hadi 1945, na katika vile vya kwanza watu wetu walikuwa pande zote.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu si la udadisi tu. Wapo watu wanaopita vijijini na madaftari wakiandikisha wajukuu wa makeya, ati fidia inakuja kutoka London. Mmoja alifika kwa ndugu zangu, akatoza ada ya fomu kwa kila jina, kisha akatokomea. Alifaulu kwa sababu hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kumwuliza swali moja la maana: babu alikuwa kikosi gani, na alipigana wapi? Asiyejua yake huuziwa na wengine.

Tuanze na vita vya kwanza, maana vilifika mpaka mlangoni kwetu. Mwaka 1916 Wareno walivuka mto Ruvuma, wakaiteka Newala mwezi Oktoba. Hawakukaa. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani na askari wao Waafrika waliwafukuza. Mwaka uliofuata, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, vita vilivyoua na kujeruhi zaidi ya watu 2,000 upande wa Waingereza peke yake. Jenerali Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kupitia Chiwata na uwanda wa Makonde, akawaacha njiani wagonjwa na majeruhi, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma pale Ngomano. Siku tatu baadaye kikosi cha Kapteni Tafel, kilichotoka Mahenge kumfuata, kilijisalimisha huku huku kwetu kwa kukosa chakula.

Sasa fikiri, msikilizaji, hali ya mkulima wa Newala katika miaka hiyo miwili. Majeshi ya mataifa matatu yalipita shambani kwake, na kila moja lilihitaji mtama, muhogo na mabega ya watu. Kijana angeweza kushika bunduki kwa Mjerumani, ndugu yake akamchukulia mzigo Mwingereza, na binamu yao wa ng'ambo ya Ruvuma akatumikishwa na Mreno. Wengi hawakushika bunduki kabisa. Walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi walioandikwa katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja, na waliokufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa, walizidi 95,000. Jina la Kariakoo, sokoni pale Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wachukuzi.

Vita vya pili vilikuwa vya namna nyingine. Safari hii Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza na ilitoa askari zaidi ya 80,000. Jeshi lao liliitwa King's African Rifles, kwa kifupi K.A.R., na hapo ndipo lilipotoka neno keya. Bataliani ya 6, ya Watanganyika, ilipigana na Mtaliano Ethiopia mwaka 1941, na mwaka 1942 ikaonekana Madagascar. Bataliani za 26 na 36 zilipelekwa Ceylon, kisha Burma, ambayo wazee waliiita Bama. Huko, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika na matope, wakimsukuma Mjapani mpaka mto Chindwin, na mwanzoni mwa Desemba wakaiingia Kalewa.

Basi ukitaka kujua mzee wako alikwenda vita ipi, usiulize mwaka. Uliza mambo manne. Alikwenda kwa miguu au kwa meli? Aliyevuka bahari, karibu hakika ni wa vita vya pili. Adui alikuwa nani? Akitajwa Mreno, ni vita vya kwanza. Mtaliano au Mjapani, ni vya pili. Alibeba nini, bunduki au mzigo? La nne, alipoondoka alikuwa ametoka jandoni na kundi la nani? Kundi la jando ni kalenda ya kwetu: ukimjua mmoja wao ambaye umri wake unafahamika, umewajua wote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa Chilangala, na alikuwa keya. Aliporudi 1946 alinunua baiskeli, akapanda mikorosho, zao ambalo baada ya vita ndilo lililoingiza fedha Newala, na habari za vita hakuzisema. Sisi wajukuu tulikulia nyumbani kwa bibi, na kwa bibi hapakuwa na karatasi wala kifungo cha koti. Tukaamini vitu vyake vilipotea.

Havikupotea. Vilikuwa kwa wenyewe. Msikilizaji wa mikoa mingine anapaswa kulielewa hili: kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Kwa desturi, anayemrithi mwanamume ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mtoto wa kumzaa ni wa ukoo wa mkewe. Dini na sheria zimebadili mengi, lakini kwa watu wa umri wa babu ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo hati yake ya kuondolewa jeshini, na nyota ya shaba yenye ncha sita, vilikuwa kijiji kingine, katika sanduku la bati la mpwa wake, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono. Alinipokea akaniuliza, "Mjukuu wangu, mlikuwa wapi siku zote?" Kisha akanieleza habari za Bama kwa saa mbili, kama alivyoelezwa na mjomba wake.

Hati ile ilinifundisha jambo jingine. Jina lililoandikwa si lile tulilolijua. Kwetu mtoto hupewa jina akizaliwa, akapewa jingine akitoka jandoni, na akibatizwa au kusilimu akapata la tatu. Karani wa jeshi naye aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Hata mahali hapaaminiki sana: miaka ile Newala na Masasi zilikuwa katika Jimbo la Kusini, makao makuu yakiwa Lindi, kwa hiyo mtu wa Chilangala anaweza kuandikwa ametoka Lindi. Anayetafuta kwa jina moja tu hatapata kitu.

Ukiikuta medali, itazame vizuri. Za vita vya kwanza zilichorwa namba na jina la mwenyewe ukingoni. Nyota za vita vya pili Mwingereza alizitoa bila jina. Nyota iliyoandikwa Burma itakwambia mtu alikuwa wapi, lakini haitakwambia ni nani. Jina liko vichwani mwa watu.

Na wale ambao hawakurudi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ambayo mtu anaweza kuitafuta kwa jina. Majina ya Waafrika Mashariki waliofia Burma bila kaburi kujulikana yamechongwa katika mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon. Lakini mwezi Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba baada ya vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi wa Newala aliyeanguka njiani 1917 yumo katika hesabu hiyo. Kwake hakuna orodha ya kufungua. Kama ukoo haukumtaja, hatatajwa.

Kuhusu fedha, tuseme kweli. Manung'uniko yana msingi. Nyaraka za Uingereza zilizotangazwa 2019 zilionyesha kuwa malipo ya kuaga jeshi yalipangwa kwa rangi, na mzungu wa cheo kile kile alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika. Misaada iliyotolewa na Uingereza ililenga askari waliokuwa hai na wajane wao, kupitia vyama vya askari wastaafu. Haikukusanywa kwa kuuza fomu nyumba hadi nyumba. Anayekudai ada ili mjukuu aandikishwe, mwulize kikosi cha babu yako na mahali kilipopigana. Ukilijua jibu wewe kabla yake, hatakaa sana.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, likizo hii ukienda kijijini, nenda na daftari. Usiishie kwa bibi. Waulize wapwa wa mzee, waulize dada zake kama wapo, andika majina yake yote, na kundi lake la jando. Ukirudi Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa pale Upanga zinahifadhi mafaili ya wilaya na majimbo ya zamani, na ukienda na majina manne badala ya moja utakuwa na mahali pa kuanzia. Karatasi zitangoja. Mpwa wa keya hawezi kungoja.