Uchovu Si Mazoezi: Akina Mama na Afya ya Mtaa

Alfajiri za mwisho wa wiki, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, hupita vikundi vya watu waliovaa fulana za rangi moja, wakikimbia pole pole huku wakiimba. Hizo ni klabu za jogingi. Mara nyingi mama mwenye watoto wadogo hayumo. Yuko jikoni, anachemsha chai.

Mazoezi ya pamoja si jambo la vijana peke yao. Mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Jirani zetu wa Kigali, Rwanda, walianza mwaka huo huo kufunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu. Wazee kwa watoto hutembea na kukimbia, na wahudumu wa afya huwapima bure.

Je, mama anahitaji mazoezi?

"Nafanya kazi kutwa nzima, mazoezi ya nini tena?" Sisi wauguzi tunalisikia sana jibu hilo. Ni kweli, kulima, kuteka maji na kufua kwa mikono ni mazoezi. Lakini mama anayekaa kwenye cherehani, dukani, gengeni au ofisini huweza kuchoka sana na mwili wake usiwe umefanya mazoezi yoyote. Uchovu si mazoezi.

Tunalisema hili kwa sababu ya presha. Mara nyingi haina dalili. Mama hujiona mzima kwa miaka, kumbe kipimo ni 140/90 au zaidi, mpaka siku anapopata kiharusi. Naye akipooza mama, nyumba nzima imepooza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano yatosha kuanzia. Kutembea haraka kunafaa kabisa: uweze kuzungumza, lakini pumzi isitoshe kuimba. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Anzeni na majirani

Mama akiwa peke yake huona haya, na wiki ya pili huacha. Wakiwa watano, mmoja humgongea mwenzake mlango. Jumuiya, umoja wa akina mama au kikundi cha kuweka na kukopa tayari ni mwanzo mzuri.

1. Chagueni siku na saa. Ngojeni kupambazuke; msipite njia za giza.

2. Mwombeni muuguzi wa zahanati awapime presha na uzito kabla ya kuanza. Mjamzito na mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo apate ushauri kwanza. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, asiziache.

3. Majuma ya kwanza tembeeni dakika 15 tu, kisha ongezeni kidogo kidogo.

4. Vaeni viatu vya raba, si ndala. Gauni pana au suruali chini ya khanga inatosha.

5. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi asimame mara moja, apelekwe kituo cha afya.

Msiwaache akina baba na watoto. Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya familia nzima: kamba, mpira, rede, na matembezi. Baba akija, atajua pia kwa nini mama anahitaji nusu saa yake siku nyingine, naye ataangalia chai.

Jikoni nako

Mkirudi, msiharibu mlichojenga. Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na viungo vya pakiti. Iondoeni mezani. Punguzeni mafuta na sukari. Ongezeni mchicha, kunde, maharage na matunda ya msimu.

Mama mpendwa, unapima homa ya kila mtoto nyumbani. Presha yako ulipima lini?