Kadi ya Kwanza ya Mkopo kwa Mgeni wa Marekani

Mfumo wa fedha wa Marekani humpima mkopaji kwa kumbukumbu zilizoandikwa ndani ya nchi hiyo, na kwa sababu hiyo mtu aliyekopa na kulipa kwa uaminifu kwa miaka 20 katika benki za Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu kwa kawaida huhesabiwa, siku anapofika Louisville au Dallas, sawa na kijana ambaye hajawahi kukopa hata senti moja. Mshahara hauondoi upungufu huo, kwa maana hauingizwi katika hesabu ya alama za mikopo. Akiba iliyoko benki nayo haihesabiwi. Na hata kodi ya nyumba inayolipwa kila mwezi bila kuchelewa kwa kawaida haifiki katika kumbukumbu hizo, isipokuwa mwenye nyumba au mpangaji awe amejiunga na huduma ya kuiripoti. Athari zake huonekana pale mtu anapotafuta nyumba ya kupanga, anapotaka gari kwa mkopo, au kampuni ya umeme inapomdai amana kabla ya kumuunganishia huduma, na katika majimbo mengi kampuni za bima ya gari pia hutazama kumbukumbu hizo zinapopanga ada. Kadi ya mkopo, yaani kadi inayomwezesha mtumiaji kununua kwa fedha za benki na kuzirejesha baadaye, ndiyo njia iliyo karibu zaidi ya kuanza kuandikwa, nayo inastahili kueleweka vema kabla ya mkataba wake kutiwa saini, kwa sababu malipo yaliyokosekana huweza kubaki katika kumbukumbu kwa miaka 7.

Kumbukumbu zenyewe hutunzwa na kampuni tatu kubwa za binafsi, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo kwa kawaida hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji kila mwezi: lini akaunti ilifunguliwa, kikomo chake ni kiasi gani, deni lililopo ni kiasi gani, na iwapo malipo yalifanyika kwa wakati. Kutokana na taarifa hizo hukokotolewa nambari iitwayo alama ya mikopo, na iliyo maarufu zaidi ni ile ya FICO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, ambayo alama yake ya matumizi ya jumla ilianza kutolewa mwaka 1989 na huenda kutoka 300 hadi 850. Kampuni hiyo imetangaza hadharani uzito wa kila kigezo: historia ya malipo ni asilimia 35, kiasi cha deni ni asilimia 30, umri wa akaunti ni asilimia 15, na asilimia 20 zilizobaki hugawanywa sawa baina ya maombi mapya ya mikopo na mchanganyiko wa aina za mikopo. Ili alama ya FICO iweze kutolewa, mtu anahitaji kuwa na angalau akaunti moja iliyofikisha miezi 6, na angalau akaunti moja iliyoripotiwa ndani ya miezi 6 iliyopita, ingawa akaunti moja inaweza kutimiza masharti yote mawili. Kwa hiyo, kwa anayeanza na akaunti yake mwenyewe, hakuna njia ya halali ya kuharakisha mwanzo, na wanaouza ahadi ya alama nzuri ndani ya wiki chache huwauzia wageni kitu kisichokuwepo.

Hapa ndipo mazoea ya Afrika Mashariki yanapoweza kumpotosha mtu mwenye busara. Nchini Kenya benki zilianza kubadilishana taarifa za wakopaji mwaka 2010, na katika miaka ya mwanzo zilibadilishana taarifa za walioshindwa kulipa tu. Kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu taarifa za walipaji wazuri pia, lakini katika mazungumzo ya kila siku kuingizwa CRB, yaani katika kampuni za kumbukumbu za mikopo za huko, kulibaki na maana ya kuorodheshwa kwa ubaya, na aliye nje ya orodha akajihesabu kuwa salama. Kwa mtazamo huo, kukaa mbali na mikopo ni heshima na ni kinga. Nchini Marekani mtazamo huohuo humwacha mtu bila kumbukumbu yoyote, na mkopeshaji asiyeona chochote hana msingi wa kumwamini mwombaji, hata kama mwombaji huyo hana deni popote duniani.

Kwa mtu asiye na historia, kadi za kawaida mara nyingi hukataliwa, na kila ombi huacha alama ya ukaguzi inayobaki katika taarifa kwa miaka 2, hivyo kutuma maombi mengi kwa pamoja ni kujidhuru. Kinachofaa zaidi ni kadi yenye dhamana, ambapo mwombaji huweka benki kiasi fulani cha fedha, mara nyingi dola 200 au 300, na kikomo cha kadi kikawa sawa na fedha hizo; benki huzishikilia kama rehani na huzirudisha akaunti inapofungwa ikiwa haina deni, au inapobadilishwa kuwa kadi ya kawaida. Mambo mawili yanapaswa kuulizwa kabla ya kuichukua: iwapo benki inaripoti kwa kampuni zote tatu za kumbukumbu, kwa kuwa kadi isiyoripotiwa haijengi chochote, na iwapo kuna ada ya kila mwaka, ambayo mara nyingi inaweza kuepukwa. Baadhi ya benki hukubali nambari ya mlipakodi iitwayo ITIN kwa asiye na nambari ya hifadhi ya jamii. Kijana aliye chini ya miaka 21, kwa mujibu wa sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009, hutakiwa kuonyesha kipato chake mwenyewe au kuwa na mdhamini. Ndugu mwenye kadi ya muda mrefu anaweza pia kumwandikisha mgeni kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa, na historia ya kadi hiyo ikaonekana katika taarifa za mgeni, lakini madhara ya uzembe wa mwenye kadi huonekana vilevile, kwa hiyo undugu peke yake hautoshi kuwa kigezo. Inafaa kutaja pia kwamba wakimbizi wengi kutoka Kongo, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili, waliwasili kwa mkopo wa nauli usio na riba uliotolewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na malipo yake yanaporipotiwa, mkopo huo ndio huwa mstari wa kwanza wa historia yao.

Kadi ikishapatikana, jambo linalohitaji kueleweka kuliko yote ni tofauti ya tarehe mbili. Ya kwanza ni tarehe ya kufunga hesabu, ambapo benki hujumlisha manunuzi ya takriban mwezi mmoja na kutoa ankara. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo kisheria ankara inapaswa kutumwa angalau siku 21 kabla yake. Anayelipa deni lote la ankara kabla ya tarehe ya pili, na asiyekuwa na deni la nyuma, kwa kadi nyingi hatozwi riba yoyote kwa manunuzi yake, na kipindi hicho kati ya tarehe mbili ndicho muda wa msamaha wa riba. Lakini benki nyingi huripoti deni kama lilivyo siku ya kufunga hesabu, kabla mteja hajalipa, na hapo huzuka jambo linalowashangaza walipaji waaminifu. Mwenye kadi ya kikomo cha dola 300 aliyenunua vitu vya dola 270 na kulipa zote kwa wakati ataonekana katika kumbukumbu kuwa ametumia asilimia 90 ya kikomo, kiwango ambacho vikokotoo vya alama hukisoma kama dalili ya mtu aliyebanwa. Akilipa dola 210 siku chache kabla ya hesabu kufungwa, na dola 60 zilizobaki baada ya ankara kutoka, ataonekana ametumia asilimia 20, ilhali fedha alizotumia ni zilezile. Ushauri mwingi hutaja asilimia 30 kuwa mpaka, ila hakuna ukuta mahali hapo: kadiri uwiano unavyopungua ndivyo alama inavyonufaika. Kwa kikomo kidogo namna hiyo, njia rahisi ni kuielekeza kadi kwenye malipo ya kitu kimoja kinachojulikana bei yake, kama simu au nauli ya mwezi, na kuiamuru benki ikate deni lote la ankara kutoka akaunti ya kawaida.

Imeenea sana, hata miongoni mwa watu wenye elimu, dhana kwamba ni lazima kuacha deni kidogo lisilolipwa ili alama ikue. Dhana hiyo si kweli, na inawagharimu watu maskini fedha nyingi. Akaunti huripotiwa kuwa inatumika kwa sababu ya manunuzi yake, na kulipa riba hakuongezi pointi hata moja. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani, wastani wa riba ya kadi za mkopo mwaka 2024 ulizidi asilimia 20 kwa mwaka, na kadi za wanaoanza mara nyingi huwa juu ya wastani huo. Chukuliwe deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani takriban asilimia 2 kwa mwezi: anayelipa dola 25 kila mwezi atakuta katika mwezi wa kwanza dola 20 zimekwenda kwenye riba na dola 5 tu zimepunguza deni, atachukua karibu miaka 7 kulimaliza, na atakuwa amelipa zaidi ya dola 2,000 hata kama hakununua kitu kingine. Akilipa dola 100 kila mwezi, deni huisha katika mwezi wa 12 na jumla yake haifiki dola 1,130. Kiwango cha chini kinachoandikwa katika ankara humlinda mteja dhidi ya kuhesabiwa mchelewaji, na hiyo ni faida ya kweli katika mwezi mgumu, lakini hakikuwekwa ili deni liishe. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2009 huilazimisha benki kuonyesha katika ankara muda ambao deni litachukua kwa malipo ya kiwango cha chini. Kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo ni ghali zaidi, kwa kuwa kuna ada na riba huanza siku ileile.

Kwa Waislamu lipo suala zito zaidi ya gharama. Wapo wanazuoni wanaomruhusu mtu kuwa na kadi akiwa na uhakika wa kulipa kabla ya riba kuanza, na wapo wanaokataa mkataba wenyewe kwa kuwa una sharti la riba. Wenye msimamo wa pili wanaweza kuuliza huduma za kuripoti kodi ya nyumba, ambazo hujenga kumbukumbu polepole bila kadi.

Akichelewa siku chache, mteja hutozwa faini, lakini kwa kawaida kuchelewa hakuripotiwi mpaka siku 30 zipite. Aliyepoteza kibarua anapaswa kuipigia benki simu ndani ya siku hizo, kwa kuwa nyingi zina utaratibu wa nafuu kwa anayejitokeza mapema. Makosa ya kumbukumbu nayo yapo, na wageni wako katika hatari zaidi: wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, majina matatu hugeuzwa mpangilio kutoka fomu hadi fomu, na taarifa za watu wawili wenye majina yanayofanana zinaweza kuchanganywa. Mwaka 2023 kampuni zote tatu zilifanya kuwa wa kudumu utaratibu wa kumruhusu kila mtu kupata taarifa zake bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com. Mwenye kadi ya kwanza anashauriwa aziombe mara anapofikisha miezi 6, akague jina, tarehe ya kuzaliwa na kila akaunti iliyoorodheshwa, na akikuta kosa aiandikie kampuni husika akiambatisha ushahidi, kwani kwa kawaida sheria inaitaka ichunguze ndani ya siku 30, na huduma hiyo haina malipo.