Je, Wajua? Kilo Zilezile, Mwili Tofauti

Mwanamieleka wa sumo nchini Japani anaweza kuzidi kilo 150, na bado sukari katika damu yake ikawa ya kawaida. Siri ni mahali mafuta yanapokaa. Mazoezi makali ya kila siku huyafanya mengi yabaki chini ya ngozi, mbali na ini na matumbo. Akistaafu, akaacha mazoezi na kuendelea kula vilevile, mafuta hurundikana ndani ya tumbo. Hapo kisukari huanza kunyemelea.

• Mwembamba naye? Anaweza kuwa na mafuta hayo ya ndani bila kujijua. Ndiyo maana wahudumu wa afya hupima kiuno pia, si uzito peke yake.

• Misuli haipumziki. Hata ukiwa umelala, kilo moja ya misuli huchoma takriban kalori 13 kwa siku. Kilo ya mafuta huchoma 4 au 5 tu. Ukianza kutembea, misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo.

• Mafuta nayo yana kazi. Hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa New York mwaka 1994, ambayo huujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakipungua mno, mwanamke anaweza kukosa hedhi.

• Umri si kizuizi. Misuli huanza kupungua polepole baada ya miaka 30 hivi. Lakini hata mzee wa miaka 90 akifanya mazoezi ya kuinua uzito, misuli yake hukua na nguvu huongezeka.