Bilbao Yauza Zao la Shamba Lake

Mwaka 2018 Chelsea ya Uingereza ililipa euro milioni 80 kumchukua kipa Kepa Arrizabalaga wa Athletic Bilbao, Hispania. Bilbao haikumnunua kokote. Ilimlea katika kituo chake cha Lezama. Nafasi yake baadaye ilishikwa na Unai Simón, naye zao la Lezama.

Klabu hiyo, mali ya wanachama, huchezesha tu waliozaliwa au kufunzwa soka eneo la Basque. Tangu ligi ianze mwaka 1929 haijashuka daraja.

Uingereza soko ni wazi: mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua Manchester United kwa mikopo mikubwa.

Lakini shamba dogo huchelewesha mavuno. Bilbao ilipotwaa Kombe la Mfalme mwaka 2024, ilikuwa imelisubiri tangu 1984.